Jumanne Mbele ya Hoteli

10 Februari

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya sanduku langu, maana viti vyote vya hapa uwanjani vimekaliwa na watu ambao ndege yao, kama yangu, “itachelewa kidogo.” Kidogo chenyewe kilianza saa mbili asubuhi na sasa ni saa nane mchana. Gurudumu moja la sanduku limeng'oka, kwa hiyo nikilivuta linapiga kelele kama mbuzi, na watu wote wanageuka.

Najua umenipiga marufuku kulalamika. Ulisema mtu anayelipwa kupanda ndege hana haki ya kununa. Haya, sinuni. Wiki hii nimetengeneza mashine mbili za eksirei katika hospitali mbili. Kwenye ile ya pili mzee mmoja aliyevunjika mkono alikaa mlangoni akinitazama nikifungua skrubu. Akaniuliza, “Binti, wewe ndiye daktari?” Nikamwambia, “Hapana mzee, mimi ni fundi tu.” Akasema, “Basi wewe mkubwa zaidi, maana daktari naye anakusubiri.” Nilicheka peke yangu mpaka hotelini.

Na mazuri yapo, nisiwe mwongo. Napenda shuka iliyonyooshwa na mtu nisiyemjua. Napenda kufunga mlango nikajua hakuna atakayeniuliza chumvi iko wapi. Ila kuna asubuhi naamka sijui niko mji gani. Juzi nimejigonga paji la uso nikitafuta bafu, kumbe bafu lilikuwa upande huo kwenye chumba cha juzi yake.

Nilimpigia Mama Jumapili. Aliniuliza mara mbili kama nakula vizuri, nikajibu mara mbili. Mwambie nakuja mwisho wa mwezi. Safari hii kweli.

Mwanao,
Kiguu na Njia


22 Februari

Mwanangu Kiguu na Njia,

Marahaba. Barua yako imefika na nimeisoma mbele ya mama yako kwa sauti kubwa, maana nikisoma kwa sauti ndogo mwenyewe sijisikii. Jirani yetu, yule mama fundi cherehani, ananicheka, anasema siku hizi nani anaandika barua. Nikamwambia, aandike yule aliyekaa miaka thelathini na moja mbele ya msumeno wa kiwanda cha mbao. Simu kwangu ni nzi ndani ya chupa. Naona tu unanipigia makelele, hata sijui kama ni salamu au msiba.

Hapa hatujambo. Mama yako hajambo pia, ingawa siku hizi anatuchekesha. Wiki iliyopita tulitafuta funguo nyumba nzima, kumbe kaziweka kwenye friji karibu na maziwa. Juzi kazunguka anatafuta miwani na miwani iko usoni. Mkunga mzima, aliyekuwa akikutana na kijana barabarani anamwambia, “Wewe ulizaliwa kilo tatu na robo, ulitoka umekunja ngumi”! Mimi nacheka, yeye hacheki. Ameanza kuandika vitu kwenye karatasi na kuzibandika ukutani.

Chumba chako amekifua chote, mapazia mpaka foronya. Nikamwambia subiri mtoto aseme siku, akanijibu, “Amesema mwisho wa mwezi, na mwezi huu ni mfupi.” Basi tunausubiri huo mwisho. Umebakiza siku sita.

Baba yako


9 Machi

Baba mpendwa, na Mama,

Shikamooni. Najua mmenikasirikia, na mna haki. Nilikuwa nimeshafunga sanduku, Baba, nimeshanunua mpaka khanga ya Mama, ofisi ikanigeuza. Kuna hospitali ndogo huko milimani, mashine yao ilizima ghafla na wagonjwa wanasafirishwa mwendo wa saa tano kwenda kupigwa picha. Nikaambiwa wewe uko karibu, nenda. Wiki yote ya kwanza ya mwezi huu nimekuwa huko. Mvua ilikata barabara, mtandao hakuna, umeme unakuja unavyotaka. Nililala kwenye chumba cha wauguzi, tukila maharage asubuhi na jioni. Ndiyo maana sikupiga simu.

Nimechoka, Baba. Sichoki na kazi. Mashine ikiharibika ina sababu, unaitafuta mpaka unaipata. Nachoka kusubiriwa. Kila ninakofika kuna watu wamenisubiri, na nikiondoka kuna wengine mbele wananisubiri. Nikifungua simu, zipo sauti kumi na nne za watu wanaouliza nafika lini.

Nitakuja. Sitaji siku, maana nikitaja inaharibika. Mama, samahani kwa mapazia.

Mwanenu,
Kiguu na Njia


18 Machi

Mwanangu,

Kuna jambo sikutaka kukuandikia, lakini wewe ndiye mtoto wetu wa pekee, nisipokwambia wewe nimwambie nani.

Jumanne ya tarehe nne mama yako alitoka asubuhi kwenda kumwona mzazi mmoja karibu na hospitali kuu. Akarudi mchana, amechelewa, miguu imejaa vumbi kama mtu aliyetembea peku, na uso umebadilika. Akanikalia mbele ili nimwone mdomo, akasema, “Nimemwona Kidege.”

Nikamuuliza, “Kidege yupi?”

“Una Kidege wangapi? Mwanetu. Alikuwa mbele ya ile hoteli inayotazamana na hospitali, na koti lake la kahawia, anavuta sanduku. Nikamwita. Akaingia kwenye gari jeupe, likaondoka.”

Nikamwambia labda umemfananisha. Akasema mtu hamfananishi mtoto aliyemtoa mwilini. Kuanzia siku hiyo ikawa ndiyo habari ya asubuhi na jioni. Tulifika mahali pa kupigiana kelele, sisi ambao hatujapigiana kelele tangu ulipoondoka hapa nyumbani. Nikamwambia mtoto angekuwa mjini angelala kwenye hoteli, na chumba chake hiki hapa kimefuliwa? Akasema tena, “Nimemwona.”

Barua yako ya milimani ilifika Ijumaa. Nikaiweka mezani, nikamwambia asome mwenyewe. Alisoma, akarudia tarehe kwa kidole. Akalia bila sauti, au sauti ilikuwepo sikuisikia.

Jana nimempeleka kwa daktari. Akaniuliza, anasahau? Nikamweleza habari ya funguo na miwani. Akaniuliza, je, anaona watu ambao hawapo? Mwanangu, nilitazama chini, nikasema ndiyo. Nikamweleza habari yako, na barua nikamwonyesha. Ameandika dawa za aina mbili. Amesema asiachwe kutoka peke yake. Nimefunga geti kwa kufuli, na ufunguo nauvaa shingoni.

Usiache kazi kwa ajili ya haya. Nimekwambia tu ili ujue, ukipiga simu, usimshangae.

Baba yako


20 Machi

Kidege changu,

Barua hii anaipeleka posta fundi cherehani, baba yako hajui. Nitaandika kwa ufupi kwa sababu dawa hizi zinanifanya mkono uwe mzito, na nikikaa sana nalala mezani.

Nakuomba unijibu jambo moja. Jumanne ya tarehe nne, karibu na saa tano asubuhi, ulikuwa mbele ya ile hoteli?

Nimesoma barua yako ya milimani. Nimeisoma mara nyingi. Najua ulichoandika. Lakini mguu wako wa kulia unautupa nje kidogo unapotembea, tangu ulipokuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, na mtu niliyemwona aliutupa vilevile. Nimezalisha kina mama kwa miaka thelathini. Kazi hiyo ni ya macho. Unamtazama mama usoni unajua mtoto amekaa vibaya hata kabla hujamgusa. Kama macho haya siku hizi yananitengenezea watu, basi sina budi kujua, niache kuyatumia.

Kama ulikuwepo, sitakuuliza kwa nini hukufika nyumbani. Sina hasira. Mtu mzima ana mambo yake. Niambie tu nilikuona, ili nijue kichwa hiki bado ni changu. Na kama hukuwepo, niambie hivyo hivyo, nitameza dawa zao bila ubishi.

Wewe huwezi kunidanganya, ndiyo maana nakuuliza wewe.

Mama


2 Aprili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta ofisini, nimeisoma kwenye ngazi kwa sababu sikutaka mtu anione.

Mama, sikuwepo. Nilikuwa milimani kama nilivyoandika. Natamani ningekuwepo. Makoti ya kahawia ni mengi na wanawake wanaovuta masanduku ni wengi zaidi, na wewe ulikuwa umenisubiri mno. Ukimngoja mtu kwa hamu namna hiyo, utamwona kila kona. Si wazimu, ni mapenzi. Usiogope.

Kunywa dawa, Mama. Msikilize daktari, na usigombane na Baba, naye ana hofu. Nimekutumia zile soksi laini na kitabu chenye maandishi makubwa. Mwezi wa sita nitaomba likizo, tukae pamoja wiki mbili nzima, nikuchoshe kwa maneno.

Nakupenda sana.

Kidege wako


17 Aprili

Mwanangu,

Kumbe mama yako alikuandikia kwa siri, nawe ukamjibu. Amenionyesha barua yako mwenyewe. Akaisoma, akaikunja mara nne, akasema, “Basi.” Neno moja tu. Tangu siku hiyo anameza dawa zake kama mtoto, hata hanyweshwi. Nilidhani nitafurahi.

Nimeshalifungua geti. Halina kazi tena, maana hatoki. Nikimwambia twende tukanyooshe miguu, anauliza, “Na huko nje kuna nini?” Anakaa kwenye kiti cha dirishani na pazia amelishusha. Mtu akibisha hodi, ananitazama mimi kwanza. Nisipoinuka, naye hajibu. Jumamosi fundi cherehani aliingia kumsalimia, mama yako akaniuliza mbele yake, “Huyu naye yupo?” Jirani huyo alitoka nje akajifuta macho na futi yake ya kupimia.

Kuna jambo jingine. Unajua binti wa huyo fundi cherehani ana mimba yake ya kwanza. Alikuja hapa na maumivu, kama wanavyokuja wote, mama yako amtazame tu amwambie ni uchungu au ni gesi. Wewe umekua ukiona hivyo, watu barazani tangu alfajiri. Mama yako hakuinuka. Akamwambia, “Nenda hospitali, mwanangu. Mimi macho yangu hayaaminiki tena.” Yule binti akadhani ni mzaha, akacheka. Mama yako akafumba macho, akakaa hivyo hivyo mpaka binti alipoondoka.

Daktari anasema dawa zimemtuliza. Sijui. Nimemwoa mwanamke aliyekuwa akinisemesha mpaka nilipokuwa siwezi kumsikia. Sasa hasemi, na masikio yangu yamejua tofauti hiyo kabla ya macho.

Baba yako


28 Aprili

Baba,

Naomba uisome hii ukiwa peke yako kwanza, ukiwa umekaa.

Nilikuwepo.

Sikuwa milimani. Hospitali hiyo ya milimani nilikwenda mwaka jana. Tarehe moja ya mwezi wa tatu, Jumamosi, ofisi ilinileta kwetu, kutengeneza mashine ya hospitali kuu. Nilifurahi, Baba, nakuapia. Nilikuwa na khanga ya Mama ndani ya sanduku. Nikasema nitaweka vitu hotelini, nitanawa uso, nitakuja. Nikafungua mlango, nikavua viatu, nikakaa kitandani. Kulikuwa kimya. Kwa wiki saba sikuwa nimekaa mahali bila mtu kuniita. Nikajiambia nitapumzika nusu saa. Nilipoamka ni Jumapili na jua limeshapanda.

Jumapili nikaona aibu kuja, maana mngeuliza nimefika lini. Nikafanya kazi mpaka jioni, nikarudi chumbani, nikala mkate juu ya kitanda nikitazama ukuta. Sitaki kukudanganya tena: nilikuwa na raha. Nilikuwa katika mji wangu na hakuna aliyejua. Jumatatu aibu ikawa kubwa zaidi. Jumanne mashine ikapona, gari la ofisi likaja kunichukua, nikaondoka. Nikatunga habari ya mvua na maharage.

Mama ananifahamu. Aliniona kweli. Mimi sikumwona, ningemwona ningesimama. Lakini alichokisema ni kweli tupu, na mimi nimemwachia ameze dawa za ugonjwa ambao ni uongo wangu. Aliniuliza kwa mkono wake nikamkana. Nilidhani ni jambo dogo litapita.

Msomee. Mpeleke kwa daktari na barua hii. Sitaki unisamehe kwa haraka.

Mwanao


8 Mei

Nimeisoma barua yako peke yangu kama ulivyotaka. Nikaenda nikakaa uani mpaka jua likanichoma.

Sitaandika yote niliyoyafikiria. Nitaandika moja. Mimi ndiye niliyetazama chini mbele ya daktari nikasema ndiyo. Mimi ndiye niliyevaa ufunguo shingoni. Nimeishi na mwanamke huyu miaka arobaini, nikaamini karatasi yako kuliko mdomo wake. Hilo ni langu, sikubebeshi wewe. La kwako unalo.

Jana baada ya chakula cha mchana nikamsomea. Nilisoma polepole. Nilipofika “Nilikuwepo,” nikasimama kumtazama. Alikuwa anatabasamu kidogo.

“Unaona alivyo na moyo mzuri?” akasema.

Nikamuuliza, “Nani?”

“Kidege. Umemwandikia kwamba naumwa, naye ameamua kujisingizia ili mimi nijione mzima.”

“Mama, hajisingizii. Ameandika hapa, alilala siku tatu hotelini.”

Akanikasirikia. Ndiyo mara ya kwanza kukasirika tangu Machi. “Mtoto niliyemzaa mimi akae mjini siku tatu asije nyumbani hata kunywa maji? Halafu nimwite kwa jina asigeuke? Usimsingizie mtoto. Mwenye kasoro ni mimi, na nimeshakubali. Mniache.”

Akaomba nimpe dawa yake. Haikuwa saa yake.

Nimeenda kwa daktari leo. Amesoma barua yako, amesema atapunguza dawa, lakini akanionya: mgonjwa mwenyewe akimwambia kwamba anaona visivyokuwepo, yeye afanye nini? Anataka kuzungumza naye wiki ijayo. Akimjibu hivi, tumerudi palepale.

Njoo usimame mbele yake. Au kama kuna kitu hujakiandika, kiandike. Umesema hukumwona. Nimesoma mstari ule mara nyingi kuliko mingine. Nilipokuwa kiwandani, ubao ulioukata ukaubakiza kidogo ndio uliokuwa ukichana mikono ya watu. Ulikuwa ukipasuka wenyewe, popote unapotaka.

Baba yako


16 Mei

Mama,

Baba ameniambia nije. Nitakuja, lakini nikija utanishika mkono na kuniuliza nimekula, na mimi nitashindwa kusema. Kwa hiyo nasema hapa kwanza.

Unadhani najisingizia. Nitakwambia jambo ambalo Baba halijui, hajawahi kuniandikia, wala jirani hawezi kuwa ameniambia.

Jumanne ile ulikuwa ng'ambo ya barabara, karibu na duka la miwani. Ulikuwa umesimama kwa mguu mmoja, umeegemea nguzo ya taa. Mkanda wa kiatu chako cha kushoto ulikuwa umekatika, umekivua, umekishika mkononi unakikagua. Ulikuwa na gauni la kijivu lenye mifuko, lile la zamani la kazini. Nilipotoka mlangoni sanduku langu likapiga kelele, ukainua kichwa.

Uliniita mara mbili. Mara ya kwanza kama mtu asiye na hakika. Mara ya pili ulikuwa unacheka. Ukainua mkono ule wenye kiatu, ukanipungia kwa kiatu, Mama. Watu wawili waliokuwa wakipita waligeuka kukutazama. Ukaweka mguu ule mtupu chini ili uvuke, na magari yakakuzuia.

Nilikuona. Nilikutazama usoni. Nilikuwa na muda wa kuvuka, nilikuwa na muda wa kukuita. Nikawaza: nitasema nimekuwa hapa tangu lini? Nikawaza hilo tu. Nikafungua mlango wa gari. Dereva akasema, “Kuna mama anakuita pale.” Nikamwambia, “Si mimi. Twende, tumechelewa.”

Nilipogeuka nyuma ulikuwa bado umeinua kiatu.

Hapo ndipo kasoro yote ilipo. Macho yako hayana kasoro. Nilipoandika kwamba sikuwepo nilikuwa nakuona hivyo hivyo, na nikaandika. Nilipomwandikia Baba kwamba sikukuona nilikuwa nakuona hivyo hivyo.

Acha kunitetea, Mama. Kila ukinitetea unajizika mwenyewe.

Mwanao


30 Mei

Mwanangu,

Nimepokea barua yako tarehe ishirini na tatu. Nilimwomba baba yako anipe nisome mwenyewe.

Ni kweli mkanda ulikatika. Sikumwambia mtu. Nilitembea na kiatu mkononi mpaka kwa fundi cherehani, hakuwepo, nikaja nyumbani hivyo hivyo. Baba yako aliyaona yale mavumbi akayaandika kwenye hesabu ya ugonjwa wangu. Ameniomba radhi. Amelia sana, mzee huyu, kwa sauti kubwa kwa sababu hajisikii, mpaka majirani wakaja wakidhani kuna msiba. Nimemsamehe siku ileile. Yeye hakujua.

Daktari nimemwona Jumatatu. Nilikwenda peke yangu, nikamsimulia yote kwa mpangilio, na tarehe. Ile dawa ya pili ameiondoa kabisa, ya kwanza naimaliza kidogo kidogo. Kusahau nasahau, amesema hilo ni la umri, tutaliangalia. Aliniuliza kama bado naona watu ambao hawapo. Nikamwambia, “Hapana, daktari. Ninaowaona wapo.” Akaandika.

Binti wa fundi cherehani alijifungua hospitali wiki mbili zilizopita. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, wakachelewa kugundua. Mama mzima, mtoto hakupona. Sikwambii ili nikuumize. Siku ile alipokuja kwangu nilimwona tumbo lilivyo kabla sijafumba macho. Nililiona, na sikusema, kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa ninachokiona si kweli. Nimekwenda kukaa naye kila siku. Hanilaumu. Hajui kama niliona. Bado sijajua nitamwambia au nitanyamaza, na sasa naelewa kidogo jinsi mtu anavyofika mahali pa kunyamaza. Kidogo tu.

Umeandika kwamba mwezi wa sita unakuja wiki mbili. Nimelifikiria hilo muda mrefu, nikiwa na kichwa changu. Usije mwezi wa sita. Sikufukuzi, hapa ni kwenu, na siku moja utakuja. Lakini nilikuwa na mtoto ambaye nilikubali kuitwa mwehu kuliko kumwazia baya, nami sijamaliza kumlilia. Ukija sasa nitakukaribisha, nitakupikia, nitakuuliza habari za safari, na yote hayo nitayafanya kama ninavyomfanyia mgeni. Sitaki unione hivyo, na mimi sitaki kukuona hivyo.

Mwandikie baba yako, anakosa usingizi usipoandika. Mimi nitakuandikia nikiweza.

Kazi njema huko uliko.

Mama yako